Kuchakuro na Fomu ya Kicheko

Nchi ninayoisimulia si hii yetu. Nalisema mapema ili mtu asije akanigongea mlango baadaye. Ni nchi ya mbali sana, ambako wananchi huwapenda viongozi wao kupindukia, mpaka ikabidi iundwe wizara ya kuyasimamia mapenzi hayo, ikaitwa Wizara ya Fikra Njema. Jina la nchi silitaji kwa kuwa lenyewe ni siri ya serikali. Kwenye ramani zao imeandikwa "Hapa", basi.

Huko aliishi Bwana Shomvi Kiluwa, Mtazamaji Mkuu wa Ofisi ya Kutazama Kabla ya Wananchi. Kila kilichotaka kuonwa na umma, kiwe mchezo, picha au tangazo la sabuni, alikiona yeye kwanza, akakikunjia uso, kisha akakipiga muhuri. Kazi hiyo aliipata kwa haki. Siku ya usaili aliletewa wachekeshaji watatu, wakafanya vituko mpaka mlinzi wa mlangoni akaishiwa nguvu, akaketi chini. Halafu akaingizwa mbuzi aliyevalishwa tai. Bwana Shomvi alimtazama yule mbuzi kwa muda mrefu, akauliza tai hiyo imetoka ghala lipi na nani aliyeidhinisha. Aliajiriwa palepale.

Hakuwa mtu mbaya, mniamini. Alikuwa mtu wa kushuku tu. Akiletewa chai aliichungulia kwanza kwa jicho moja. Mkewe, Siwema, akiimba jikoni aliulizwa wimbo huo kaufundishwa na nani, na kwa nini leo. Mtu pekee ambaye Bwana Shomvi hakumshuku alikuwa binti yake Somoe, mwenye miaka saba, na hilo nalo lilimtia shaka mara kwa mara.

Taabu ilianza na katuni ya watoto. Iliitwa Kuchakuro Mpelelezi, na ilimhusu kuchakuro mmoja, yaani kindi, jike, mdogo, mwenye kofia ya jani la mgomba na daftari lililofungwa mkiani, pamoja na rafiki yake chura anayeogopa maji. Kila Jumamosi saa kumi alasiri kitu hupotea katika Kijiji cha Wanyama, wao wakafuata nyayo hadi mwizi akapatikana. Watoto waliipenda mno. Hilo halikuwa kosa. Kosa ni kwamba watu wazima nao waliipenda, na tena walikuwa wakicheka mahali ambapo watoto hawakucheka.

Wizara haina ugomvi na kicheko cha mtoto, maana mtoto hucheka hata akimwona kuku akianguka. Lakini mtu mzima akicheka mbele ya katuni, hapo pana jambo. Basi katuni ikatolewa majumbani, ikawa inaonyeshwa katika Ukumbi wa Maendeleo wa kila mji, na ikapigwa marufuku mtu mzima kuingia bila mtoto. Matokeo yake watoto wakaanza kuazimwa kama vinu. Jumamosi asubuhi wajane, makapera na mapadri walipita mlango kwa mlango wakiulizia mtoto aliye huru. Somoe mwenyewe aliwahi kuazimwa na jirani yao, Bi Nyamizi, hata kabla baba yake hajamaliza kufunga vifungo vya shati.

Ndani ya ukumbi Bwana Shomvi aliketi kando ya kioo cha sinema, akiwageuzia uso watazamaji, daftari gotini. Watoto wakicheka, haandiki. Mtu mzima akicheka, anaandika jina, na baada ya onyesho huyo mchekaji hujaza Fomu ya Kicheko. Umecheka nini? Kwa nini? Umemkumbuka nani? Ambatisha vielelezo. Fomu ikishajazwa hubandikwa pamoja na vielelezo vyake kwenye ubao wa matangazo nje ya Posta kwa siku saba, na mchekaji husimama kando yake siku zote hizo ili awe funzo. Jioni anaruhusiwa kwenda kulala.

Na hapa niseme jambo moja kuhusu ule ubao. Zamani mke wa mheshimiwa mmoja alicheka, fomu yake ikabandikwa, na mumewe akaibandua kabla ya adhuhuri. Ilipofika jioni mji mzima ulikuwa umejitungia maneno ya kwenye fomu ile, na yalikuwa mabaya kuliko yenyewe. Mtukufu Mlezi wa Taifa alikasirika, akatoa amri ambayo mpaka leo imechongwa juu ya ubao: "Kilichobandikwa hapa hakibanduliwi kabla ya siku saba, wala aliyesimama hapa haondolewi, na mtu yeyote, hata mimi." Watu walisifu sana zile herufi.

Mwaka huo Kuchakuro alikuja na kisa kirefu. Kisima cha Kijiji cha Wanyama kilikuwa kinapungua, na mwizi wa maji hajulikani. Kila Jumamosi aliokota dalili moja: kitufe cha dhahabu, kisha unyayo wa kiatu chenye kisigino kirefu, kisha mfereji mdogo unaoelekea mashariki, kisha sauti ya mtu anayekohoa mara mbili kabla ya kusema. Jibu lingetolewa sehemu ya kumi, ya mwisho.

Baada ya sehemu ya nne Bwana Shomvi aliitwa na Waziri wa Fikra Njema, Mheshimiwa Daktari Mara Mbili Mafunda, ambaye alipewa udaktari wa pili kwa kuupokea vizuri ule wa kwanza. Waziri alimwacha amesimama.

"Ndugu Shomvi," alisema, "nchi hii ina amani. Amani hiyo ni kubwa mno, na kitu kikubwa huonekana na adui kwa mbali. Kile kisima si kisima. Nataka jina la mwizi kabla ya sehemu ya mwisho. Na siku hiyo ya mwisho, akicheka mtu mzima mmoja, mmoja tu, wewe utakwenda Kisiwani kupumzika."

Waliopelekwa Kisiwani walipumzika vizuri sana, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Bwana Shomvi alitoka pale.

Alikwenda moja kwa moja kwa mchoraji wa katuni. Alikuwa mwanamke mmoja anayeitwa Chausiku Mbonde, aliyepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, kwa hiyo karatasi zake zote zilikuwa na vumbi la unga. Bwana Shomvi alikagua unga, akakagua penseli, akainusa rangi ya kijani. Alimuuliza mwizi ni nani.

"Sijui, bwana," Chausiku alijibu. "Mimi huchora nyayo kwanza. Mwizi humtafuta mwishoni."

Bwana Shomvi hakuamini. Alimuuliza tena kwa upole, akamuuliza kwa ukali, akamuuliza akiwa amempa mgongo, kama walivyofundishwa mafunzoni. Akataka kujua kile kitufe cha dhahabu ni cha nani.

"Nilihitaji kitufe nikachora kitufe," alisema yule mama akichonga penseli yake. "Nyinyi ndio mnaokuja na koti."

Bwana Shomvi aliyaandika maneno hayo, akayapigia mstari. Yalikuwa na harufu ya uchochezi, ila hakuweza kuonyesha harufu inatokea wapi.

Nyumbani mambo hayakuwa afadhali. Katika visa vyote vya nyuma Somoe alikuwa anamjua mwizi kabla sehemu haijafika nusu, na hajakosea hata mara moja. Baba mtu alianza kushuku kwamba mtoto ana mtoa habari. Siku moja alimkalisha kitini, akawasha taa ya mezani ijapokuwa kulikuwa kweupe, akamuuliza amejuaje kwamba mwizi wa maandazi alikuwa nungunungu.

"Yeye ndiye wa kwanza kumnyooshea mwenzake kidole," alisema Somoe. "Kila mara, baba. Wa kwanza kunyoosha kidole ndiye mwizi. Watoto wote tunajua."

Bwana Shomvi aliandika hayo pia, lakini hayakuwa na jina la mtu ndani yake, na taarifa isiyo na jina la mtu haikuwa na kisanduku cha kujazwa. Akafunua ukurasa mwingine akasahau.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mara akaanza kupokea barua. Sheria ya nchi ile ilimruhusu mwenye cheo, akihisi amechorwa kwenye katuni, kujaza Fomu ya Kufanana, kwa mwandiko wake mwenyewe, akieleza anafanana wapi na tangu lini. Fomu hizo ni za siri na hukaa kabatini kwa Mtazamaji Mkuu.

Wa kwanza alikuwa Waziri wa Elimu. Alilalamika kwamba kitufe cha dhahabu ni chake dhahiri, kile kilichodondoka ndani ya ghala la vitabu vya shule siku moja kabla halijaungua, na anashangaa mchoraji amekipataje. Kamishna wa Barabara aliandika kurasa tisa akieleza kwamba visigino virefu ni siri kati yake na fundi viatu, na kwamba lami iliyoko uani kwake mpaka bandani kwa kuku haihusiani na kimo chake. Waziri wa Maji alipinga vikali ule mfereji wa mashariki, kwa maana shamba lake liko mashariki, na mfereji ulio chini ya ardhi hauwezi kuonekana isipokuwa na mtu mwenye nia mbaya. Hata Mkuu wa Kwaya ya Taifa alileta yake. Alikuwa hajaguswa na dalili yoyote, ila alisema moyo hautulii.

Bwana Shomvi alizipokea, akazigonga muhuri, akazipanga. Ukijua siri ya mkubwa mmoja umepata rafiki. Ukijua za wote hata kitanda chako unakiona kina masikio. Juma la nane ikaja bahasha ya rangi ya zambarau kutoka Ikulu. Ndani, kwa mwandiko wa Mtukufu Mlezi mwenyewe, kulikuwa na ukurasa mmoja tu: yeye hukohoa mara mbili kabla ya kusema, taifa zima linajua, na kama kuna aliyemwambia huyu kuchakuro habari za kisima cha Ikulu na yale mapipa, basi atajwe.

Hakukuwa na mtu aliyejua habari za mapipa. Sasa alikuwepo mmoja. Bwana Shomvi aliuweka ukurasa ule juu kabisa ya jalada, kama heshima inavyotaka, akahesabu: kurasa mia mbili na kumi na nne. Alimwendea Waziri Mafunda kumwambia kwamba mwizi hajapatikana, ila wanaojishuku wamepatikana. Waziri, ambaye fomu yake mwenyewe ilikuwa ya ukurasa wa hamsini na mbili, alimkatiza.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Kumteua Mwizi. Walikaa siku mbili. Kwa kuwa mchoraji hana mwizi, serikali itampa, na sharti lilikuwa moja tu: mwizi asifanane na mtu mwenye cheo. Fisi alipendekezwa, Waziri wa Chakula akatoka nje kwa hasira. Kiboko alikataliwa kwa sababu ya unene, twiga kwa sababu ya shingo ya Jaji Mkuu. Kobe ni mzee, na Mtukufu naye alikuwa na umri wake. Mchwa walionekana wanafaa, mpaka mtu mmoja akakumbusha kwamba wanachama wa chama tawala ni wengi na wanafanya kazi pamoja. Siku ya pili, saa ya chakula, walibakiwa na mnyama mmoja. Ni mdogo, hana cheo, hana ndugu serikalini, na isitoshe amekuwa akionekana karibu na kisima kila Jumamosi akiwa na daftari.

"Kuchakuro mwenyewe," alisema Waziri, na kamati ikapiga makofi kwa kuwa chakula kilikuwa kinapoa.

Ilihitajika saini ya Mtazamaji Mkuu kuthibitisha kwamba kuchakuro hafanani na mtu yeyote. Bwana Shomvi alishika kalamu. Alimfikiria mnyama yule mdogo anayezunguka akiokota dalili za wakubwa na kuziandika daftarini, akalitupia jicho daftari lake mwenyewe. Hata hivyo alitia saini. Aliogopa, na sitamficha: aliogopa sana.

Chausiku alichukuliwa, akawekwa katika chumba cha wageni cha Wizara ili achore kwa utulivu, walinzi wawili mlangoni. Alipewa maelekezo yaliyoandikwa. Baraza la Wanyama, wajumbe kumi, wote wamevaa vizuri, watasimama ukingoni mwa kisima na kwa kauli moja watamnyooshea kidole Kuchakuro. Kuchakuro atafungwa kamba. Mwisho. Chausiku aliuliza kama anaweza kuongeza chochote. Akaambiwa hapana, achore vilevile. Akachora vilevile.

Jumamosi ya mwisho Ukumbi wa Maendeleo ulijaa mpaka madirishani. Mawaziri walikaa mstari wa mbele, kila mmoja na mtoto wa kuazima kwenye paja, maana sheria ni sheria. Chausiku aliletwa na walinzi wake, akakalishwa nyuma kabisa. Siwema alikuwepo na mtoto wa kuazima, na Somoe alikuwa kwenye paja la Bi Nyamizi. Bwana Shomvi aliketi mahali pake kando ya kioo. Watu wazima wote walikuwa na habari kwamba kicheko chao kimoja kitampeleka Bwana Shomvi Kisiwani, na walikuja wamekaza midomo; wengine walikuwa wameweka ndimu shavuni.

Kisima kikatokea. Kuchakuro akaja na daftari lake mkiani, chura nyuma yake akitetemeka. Likatokea Baraza. Wajumbe kumi wakasimama, wakainua mikono, na vidole kumi vikamwelekea yule mnyama mdogo kwa wakati mmoja.

Halafu mtoto mmoja akacheka. Akafuata wa pili, kisha ukumbi mzima, watoto mia tatu, wakipiga miguu na kuanguka kutoka vitini.

"Kumi!" Somoe aliita kutoka pajani kwa Bi Nyamizi. "Baba, safari hii wako kumi!"

Mawaziri walidhani watoto wanafurahia haki kutendeka. Walisimama, na Waziri Mafunda, akiwa na mtoto wa watu begani, akanyoosha mkono kuelekea kioo na kusema kwa sauti kuu kwamba yule pale ndiye mwizi. Wenzake nao wakanyoosha. Watoto waliwatazama wale wa kwenye kioo, wakawatazama hawa wa mstari wa mbele, wakazidi kucheka hadi machozi.

Watu wazima hawakucheka. Waling'ata leso, walikunja vidole vya miguu, wakatazama dari. Bwana Shomvi aliwakagua mstari baada ya mstari na hakuona hata mmoja. Amepona. Hakuna wa kuandika. Ndipo akakumbuka ule ukurasa wa daftari aliousahau: wa kwanza kunyoosha kidole ndiye mwizi, watoto wote wanajua. Akaviona vile vidole vyote vinono vimenyooshwa hewani, na visigino vya Kamishna, na ndani ya kichwa chake mbuzi wa siku ile ya usaili akapita na tai yake.

Kitu kilimpanda kutoka tumboni. Alidhani ni kikohozi. Kilipotoka kilikuwa kicheko, kikubwa, chenye kutu, kicheko cha mtu aliyekiweka akiba tangu ujana. Ukumbi ulinyamaza, hata watoto, maana sauti hiyo ilikuwa haijawahi kusikika mjini. Siwema alishika kinywa. Baadaye alisema kwamba hapo ndipo alipotambua ni mume gani aliyemwoa, na kwamba alimpenda.

Bwana Shomvi alijifuta machozi. Alikuwa mtumishi mwaminifu. Alifunua daftari akaandika: mtu mzima mmoja amecheka, Shomvi Kiluwa. Kisha akachukua Fomu ya Kicheko na kuijaza mbele ya wote, kwa mwandiko safi. Umecheka nini? Vidole. Kwa nini? Nimemjua mwizi. Umemkumbuka nani? Hapo kalamu ilisimama kidogo. Alimtazama binti yake, hofu ikamtoka yote mara moja, akaandika: tazama vielelezo, ukurasa wa kwanza hadi wa mia mbili na kumi na nne.

Alipita ofisini akalichukua jalada kabatini, akaenda Posta. Ubao ulijaa alipofika ukurasa wa thelathini. Akaendelea ukutani, akazunguka kona, akapita dirisha la stempu, pini zikamwishia, Siwema akamletea za nywele. Ukurasa wa ile bahasha ya zambarau ulikuwa wa kwanza, juu kabisa, chini ya ile amri iliyochongwa. Halafu akasimama kando, kama fomu inavyotaka. Somoe alikuja akasimama naye.

Waziri Mafunda alifika mbio na polisi sita. Aliisoma amri, akausoma ukurasa wa kwanza, akakohoa. Kubandua haiwezekani mpaka amri ifutwe, kumkamata vilevile, na amri haifutwi ila na Mtukufu, na kumwomba Mtukufu aifute ni lazima amwambie kilichobandikwa. Aliwatazama polisi wake. Polisi walikuwa wameshafika ukurasa wa tisa. Hata wale walinzi wawili walimwacha Chausiku kwenye benchi la ukumbini na kalamu zake, wakaja kusoma.

Kwa saa nzima watu walisoma bila kutoa sauti. Walikwenda taratibu kandokando ya ukuta, watoto wa kuazima wakining'inia mikononi mwao, na kila mmoja alijua kitakachompata akicheka. Walipofika penye banda la kuku la Kamishna, Bi Nyamizi alishindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akajikung'uta khanga, akamwendea Bwana Shomvi na kumwomba fomu. Nyuma yake akaja padri. Nyuma ya padri, polisi mmoja aliyevua kofia.

Yaliyotokea siku ya nane siwezi kuwaambia, kwa sababu leo ni ya tatu, foleni imefika sokoni, fomu zinachapwa upya, na mtoto niliyemuazima ananivuta mkono kwamba zamu yetu imefika.